Shajara ya mradi: kuirudisha seva ya usimamizi kwenye nodi mpya, Mtwara

Jumapili usiku

Seva ya usimamizi imekufa. Sio kuzimika, kufa. Kampuni ya Ulaya tuliyopanga kwao VPS, yaani kipande cha seva yao kubwa, wametuma barua pepe fupi kwamba ile mashine kubwa iliyobeba VPS yetu na za wateja wengine diski zake zimekufa zaidi ya moja kwa mpigo, RAID, ule mpango wa kuunganisha diski ili moja ikifa data ibaki, imeshindwa kujijenga upya, data hairudi, na kama tunataka watatupa nodi nyingine tupu, yaani mashine isiyo na kitu. Ndo hivyo. Naandika hapa hatua kwa hatua ili mwenzangu aliyeko Lindi akiamka asome ajue tumefika wapi, na wengine wenye mitandao ya namna hii huku kusini wapate pa kuanzia siku yakiwakuta.

Kwa asiyejua tunaongelea nini: tuna vituo thelathini na kitu, maghala ya korosho, ofisi za vyama vya msingi, zahanati na shule kadhaa, kuanzia Mikindani kupanda Nanyamba, Tandahimba, Kitangari, Newala mpaka Masasi, kimoja kule Kilambo mpakani, na vichache upande wa Lindi, Mtama na Nachingwea. Kila kituo kina rauta ndogo yenye OpenWrt, mfumo endeshi wa rauta, na laini ya 4G. Seva ndo inashika kila kitu, OpenWISP inatunza konfigi (mipangilio) ya kila rauta na kuipeleka ikibadilika, WireGuard inatupa njia ya kuingia kituoni tukiwa mbali, na ufuatiliaji unatuambia kituo gani kimedondoka, bando lipi linaelekea kuisha, modemu ipi inashika mnara kwa shida.

Kitu cha kwanza nimeandika kwenye grupu la makarani: intaneti yenu ipo, endeleeni na kazi. Rauta haihitaji seva ili ipitishe data. Wasioona ni sisi, na tumekuwa vipofu wakati mbaya maana msimu umefunguka, korosho zinaingia maghalani, minada siku hizi inakwenda kwa mfumo wa TMX, lile soko la bidhaa la Tanzania, karani akikwama kuingiza mzigo anayeumia ni mkulima anayesubiri pesa yake. Na kama kituo kitasumbua sasa hivi hatuna namna ya kukigusa isipokuwa kwenda, na kwenda maana yake ni barabara ya Mnivata, alafu kile kipande cha kilomita 160 cha Tandahimba na Newala mpaka Masasi, kila dereva wa huku anakijua.

Sasa penye kazi yenyewe ni hapa. Laini za simu hazitupi anwani ya IP ya umma, kampuni ya simu inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, wenyewe wanaita CGNAT. Kwa hiyo rauta ya Newala ni kama simu inayopiga tu, haipokei. Inapiga kwa jina la domeni yetu, na inamtambua anayepokea kwa ufunguo. Tukisimamisha seva popote duniani, ikaitika kwa jina lile lile na ikawa na ufunguo ule ule wa siri, rauta zitarudi zenyewe na hazitajua hata kama mashine imebadilika. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo viwili ni kuzunguka kituo kwa kituo na laptopu mgongoni. Watu wakisikia seva imekufa wanauliza kwanza "bakapu ya databesi mnayo?", swali zuri, lakini databesi unaweza kukaa ukaijaza upya kwa mkono ukijua vituo vyako, ufunguo wa WireGuard haujazwi kwa mkono.

Hali ilivyo usiku huu:

Domeni ya .co.tz ipo kwa msajili mwingine kabisa, sio kwa hao wenye mashine iliyokufa. Nimeingia, DNS (inayogeuza jina kuwa anwani ya IP) inafunguka, TTL, yaani muda ambao jibu lake linakumbukwa, ni sekunde 300. Vizuri sana.

Ufunguo wa siri wa WireGuard upo kwenye KeePassXC, programu ya kutunza paswedi, herufi 44 zinazoishia na alama ya =, na nakala ya karatasi ipo kwenye bahasha kabatini. Nimezilinganisha herufi kwa herufi, ni ile ile.

Bakapu, inayofanywa na programu ya restic, ipo Ulaya kwenye hifadhi ya kampuni tofauti, na paswedi yake ipo kwenye KeePassXC hiyo hiyo. Komandi ya restic snapshots inajibu, ya mwisho ni ya Jumapili saa nane usiku. Kwa hiyo kilichofanyika Jumapili mchana hakimo, na Jumapili mchana dogo wetu wa fildi alikuwa Kitangari anafunga rauta mpya. Hiyo tutaifikia.

Jumatatu, kabla hakujakucha vizuri

Tumebishana kwenye simu mahali pa kuiweka seva mpya. Mwenzangu anataka Ulaya tena kwa sababu ni rahisi, mimi nataka Johannesburg. Ping, yaani muda wa kwenda na kurudi, kutoka hapa Mtwara mjini kwenda Ujerumani huwa inacheza milisekunde 170 mpaka 200, Johannesburg iko chini ya 100, na ukiwa umeingia kwenye rauta ya Newala kupitia seva hiyo tofauti unaiona kwenye kila herufi unayobonyeza, maana herufi inaenda mpaka seva inarudi Newala alafu jibu linarudi njia ile ile.

Hoja yake ni kebo. Na ni hoja ya kweli, tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika siku moja baharini upande wa Afrika Kusini, na nchi yetu na majirani tukakaa na intaneti ya kusuasua, wa huku tunaikumbuka vizuri kwa sababu ilikuwa siku chache tu baada ya kimbunga Hidaya. Hizo kebo mbili zote zinatua Mtunzini, ukiweka seva kusini umejifunga kwenye njia hiyo. Lakini mwaka huo huo mwezi wa pili zilikatika kebo Bahari ya Shamu, na hiyo ndo njia ya kwenda Ulaya. Kwa hiyo hakuna upande ambao unaweza kusema huku niko salama. Dar ingekuwa karibu kuliko zote na mimi ningependa sana, ila bei tulizopata kwa mashine ndogo haziingii kwenye bajeti ya msimu huu.

Tumekubaliana: seva Johannesburg, bakapu zinabaki Ulaya, kampuni mbili tofauti, njia mbili tofauti za bahari. Kama upande mmoja unakatika angalau tunabaki na kimoja mkononi.

Nodi imeshawaka. vCPU 2, RAM 4GB, diski ya SSD ya 80GB, Debian 12. Ile ya zamani ilikuwa Ubuntu 20.04, ambayo muda wake wa kawaida wa kupata masasisho umeshaisha, hivyo hakuna sababu ya kuirudia.

Jumatatu mchana

Ansible, programu inayofunga seva kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa, imefanya sehemu kubwa, hayo maelekezo (playbook) yalikuwa kwenye git, nimebadilisha anwani ya mashine na kuiachia. Nimesisitiza toleo la OpenWISP liwe lile lile lililokuwepo, mwenzangu alitaka tupandishe toleo hapo hapo "maadam tumefungua boneti", nimekataa. Kurudisha ni kazi moja, kupandisha toleo ni nyingine, ukizichanganya kitu kikigoma hujui kimegomea wapi.

Restic imeshusha mafaili bila shida: /etc/wireguard, /etc/letsencrypt, faili la settings lenye ile SECRET_KEY ya Django, mfumo ambao OpenWISP imejengwa juu yake, na dampu ya databesi (nakala yake nzima) iliyotolewa na pg_dump.

Databesi ndo imetuchelewesha. Programu ya databesi ya zamani ilikuwa PostgreSQL 12, Debian 12 inakuja na 15. Kwenda mbele hivyo inakubali, ila mambo mawili yamejitokeza na nayaandika kwa sababu mtu mwingine atakutana nayo. La kwanza, OpenWISP inatumia PostGIS kwa ajili ya ramani ya vituo, lazima kifurushi cha PostGIS cha toleo hilo la PostgreSQL kiwe kimefungwa kabla hujaanza kurudisha dampu kwa pg_restore, vinginevyo jedwali lenye eneo la kituo linakataa na yanayolitegemea yanafuata moja baada ya jingine, skrini inajaa makosa mia wakati kosa ni moja. La pili, kuanzia PostgreSQL 15 mtumiaji wa kawaida haruhusiwi tena kuunda vitu kwenye schema ya public, ile sehemu ya kawaida ya majedwali, kama sio mwenye databesi. Kwenye 12 ilikuwa wazi kwa kila mtu. Data ikaingia yote, hesabu ya vituo ikawa sawa, alafu migrate ya Django, inayorekebisha majedwali, ikasimama na "permission denied for schema public". Dawa yake ni kumfanya mtumiaji wa OpenWISP awe mmiliki wa databesi yenyewe, ALTER DATABASE mstari mmoja, ikapita.

Nimefungua ukurasa kupitia faili la hosts la laptopu yangu, linaloiambia laptopu hii peke yake anwani mpya, kabla ya kugusa DNS. Vituo vyote vipo kwenye orodha, na majina yake, na ramani yake, Mikindani pale pwani na Masasi kule bara. Chakula cha mchana leo ni ming'oko ya pale nje kwa mama, nimekula nikiwa nimesimama.

Jumatatu usiku

Kabla ya kubadilisha DNS kuna jambo moja tumelifanya ambalo nadhani ni la muhimu kuliko linavyoonekana, tumezima Celery ya arifa, programu inayozituma. Seva ikiamka inaona vituo thelathini na kitu havijaripoti tokea Jumapili, itavipiga vyote rangi nyekundu na kutuma barua pepe na ujumbe kwa kila katibu wa chama aliyesajiliwa kupokea arifa, saa tatu usiku, "kituo chako kimedondoka", wakati kituo chake kipo na yeye anaangalia video. Ukimtisha mtu hivyo mara moja, arifa inayofuata haisomi.

Faiwoli ni mbili, sio moja. Kuna nftables ndani ya mashine na kuna ile ya mtoa huduma kwenye dashibodi yake, na hii ya pili mara nyingine inaruhusu SSH tu, ile njia ya kuingia kwenye mashine kwa komandi. Nimefungua poti UDP 51820 ya WireGuard na TCP 80 na 443 za wavuti kote kuwili.

Alafu nikabadilisha rekodi ya DNS, na kabla ya kuwasha WireGuard nikafungua tcpdump, inayoonyesha paketi zinazopita, kwenye poti 51820 nikasubiri.

Dakika chache kimya. Alafu mstari wa kwanza: UDP, length 148. Huo ni ujumbe wa kwanza wa WireGuard, una baiti 148 siku zote, ni rauta inaomba kuunganishwa. Ikaja nyingine kutoka anwani tofauti ya kampuni ya simu. Nyingine. Nyingine mbili kwa pamoja. Seva bado haijibu kitu, zinagonga tu. Nikawasha WireGuard kwa wg-quick up wg0 na papo hapo ikaonekana mistari ya length 92 ikitoka, hayo ndo majibu, na kwenye dirisha la pili wg show ikaanza kuandika latest handshake, yaani handisheki (kuunganishwa) ya mwisho, chini ya ufunguo wa kila kituo, Nanyamba sekunde 3 zilizopita, Mtama sekunde 11, Tandahimba ghala kuu, zahanati, Newala. Mwenzangu yupo kwenye simu Lindi namsomea majina na yeye anaweka tiki kwenye daftari, kila jina anaitikia "eeeh!", na mimi kiukweli koo lilikuwa limekaza. Miaka ya kazi ya watu ipo kwenye ule mstari.

Kwa nini zimerudi zenyewe: WireGuard ikishapata anwani ya IP kutoka kwenye jina haiulizi tena, inaendelea kupiga anwani ile ile hata kama DNS imebadilika. Ila OpenWrt inakuja na kijiskripti kinaitwa wireguard_watchdog, ukikiweka kwenye cron, ratiba ya kazi za rauta, kila dakika kinaangalia, kikiona zaidi ya dakika mbili hakuna handisheki kinauliza DNS upya. Rauta zenye hicho kijiskripti zimerudi. Zile za mwanzo kabisa, tulizozifunga kabla template (konfigi ya pamoja ya rauta) haijawa nacho, hazijarudi, na tulizitegemea zisirudi. Hizo ni za kupigia simu kesho.

Cheti cha usalama wa ukurasa cha Let's Encrypt cha kwenye bakapu bado kina muda, nimekitumia hicho hicho usiku huu. Kukihuisha kwa majaribio (certbot renew) kumepita, sababu DNS sasa inaonyesha huku.

Jumanne

Asubuhi tumekuta jambo la ajabu ambalo limekula saa nyingi, na nalieleza kwa urefu maana ndo lenye somo kwa wanaohamia nodi za klaudi.

Handisheki zipo. Ping kwenda rauta ya Newala inajibu vizuri. Lakini SSH inaning'inia, inaonyesha imeunganishwa alafu kimya, haifiki hata kwenye kuomba ufunguo. Ukifungua ukurasa wa rauta kwa brauza, unazunguka tu. Na sio Newala peke yake, ni vituo vyote. Kwa hiyo sio laini, sio mnara, ni huku kwetu.

Dalili ya vitu vidogo kupita na vikubwa kukwama mara nyingi ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa paketi. Nikaandika ip link kwenye nodi mpya kuona kadi yake ya mtandao: eth0 mtu 1450. Sio 1500. Mtandao wa ndani wa mtoa huduma huyu umejengwa juu ya mtandao mwingine, kila paketi inafungwa ndani ya paketi, na ile nafasi ya baiti 50 imeliwa hapo. Seva ya zamani ilikuwa na 1500 kamili. WireGuard nayo inaongeza vyake, baiti 60 kwa IPv4 na 80 kwa IPv6, ndo maana kawaida inakaa 1420, ni 1500 toa 80. Kwenye 1450 ile 1420 haitoshi tena, paketi kubwa zinatoka kwenye WireGuard zinakuta mlango mdogo zinapotea njiani bila mtu kuambiwa.

Kawaida wg-quick inapiga hiyo hesabu yenyewe, inaangalia eth0 na kutoa 80. Ila wg0.conf, faili la mipangilio ya WireGuard, iliyorudi kutoka bakapu ilikuwa na mstari MTU = 1420 umeandikwa wazi, ulikuwa sahihi kabisa kwa mashine ile, na wg-quick ikiona umeandika mwenyewe inakuheshimu. Nimefuta mstari, nikaizima wg0 na kuiwasha, ikajipa 1370. SSH ikaingia papo hapo, yaani kabla sijaondoa kidole.

Mwenzangu akauliza, sasa sio lazima tubadilishe na kwenye rauta zote? Kwa TCP hapana. Seva inapoanza mazungumzo inatangaza ukubwa wa kipande inachoweza kupokea kulingana na MTU yake yenyewe, rauta inatii, kwa hiyo pande zote mbili zinapungua. Tutabadilisha kwenye template taratibu ili zote ziwe 1370 lakini sio dharura, na sitaki kusukuma badiliko la mtandao kwa vituo vyote siku ambayo seva ndo kwanza imefufuka.

Jumanne jioni

Simu. Rauta ambayo haina watchdog inauliza DNS upya ikiwashwa upya, basi, kwa hiyo kinachohitajika ni mtu aliye karibu nayo aichomoe na kuichomeka. Nilikuwa na wasiwasi kidogo wa saa, rauta hizi hazina betri ya saa, zikiwaka zinaweza kuwa zimerudi nyuma, na WireGuard upande wa seva inakataa handisheki yenye muda wa nyuma kuliko ule ilioukumbuka. Lakini kumbukumbu hiyo inakaa kwenye RAM ya seva, na seva hii ni mpya, haijawahi kuongea nao. Imepita.

Ghala moja la Tandahimba, aliyepokea ni mlinzi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, umepotea wewe."

"Nipo mzee wangu, kazi tu. Naomba unisaidie, kile kiboksi cheupe cha intaneti juu ya dirisha la ofisi, chomoa waya wake wa umeme."

"Huu mweusi mwembamba?"

"Huo huo. Subiri kidogo, alafu rudisha."

Akasubiri, akarudisha, akasema taa inapepesa nyekundu. Nikamwambia aiache. Wakati inawaka akawa ananieleza malori yalivyopanga foleni tokea alfajiri na kwamba korosho za mwaka huu zimekauka vizuri, na mimi macho kwenye wg show, mpaka ufunguo wa ghala lake ukaonyesha handisheki. "Tayari mzee, asante sana." "Sasa nilichofanya mimi ni nini?" akauliza, na nikamwambia ukweli, kwamba ameniokolea safari ya kwenda Tandahimba na kurudi.

Sista wa zahanati, mwalimu wa Nachingwea, katibu wa chama cha msingi Nanyamba, wote wamefanya hivyo hivyo na wote wamepokea simu vizuri. Orodha ya namba za simu za watu wa vituoni, tuliyokuwa tunaiandika kwenye fomu ya ufungaji na wengine wakiona ni urasimu, leo imefanya kazi kuliko programu yoyote.

Jumatano

Kitangari. Rauta ile ya Jumapili mchana. Haipo kwenye databesi, na kibaya zaidi seva haina ufunguo wa umma wa rauta hiyo, kwa hiyo hata inapogonga seva inanyamaza, WireGuard haiwajibu isiowajua. Rauta za aina hii zinazalisha ufunguo wake zenyewe kituoni, huwezi kuubuni.

Dogo wa fildi ana tabia ya kupiga picha skrini ya laptopu kila akimaliza kufunga, na kwenye picha ya Jumapili wg show ipo, na public key ipo. Picha imepigwa kwa pembeni na taa ya chumba inang'aa kwenye kioo. Herufi 44, na ndani yake kuna kitu ambacho kinaweza kuwa O kubwa au sifuri, na kingine kinaweza kuwa l ndogo au I kubwa. Tumeikuza, tumelinganisha na herufi nyingine kwenye picha hiyo hiyo, fonti ya terminali yake sifuri ina nukta katikati, hiyo ikaamua la kwanza. La pili tukaingiza ile tuliyoiamini zaidi, hamna, tukabadilisha, na rauta ikaingia. Baada ya hapo nimeisajili upya kwenye OpenWISP na konfigi yake ikashuka.

Kuanzia leo pg_dump ni kila saa, sio usiku tu. Dampu yetu ni ndogo, restic inatuma kilichobadilika peke yake, bando halisikii.

Historia ya grafu iliyokuwa kwenye databesi nyingine, InfluxDB, hatuirudishi. Bakapu yake ipo, naweza, lakini grafu za mwezi wa nane hazimsaidii mtu ghalani wiki hii, na kila kitu ninachoongeza kwenye seva sasa hivi ni kitu kingine cha kukilinda. Mwenzangu hajafurahi. Tutaizungumza msimu ukipungua.

Celery ya arifa imewashwa mchana, baada ya vituo vyote kuwa kijani isipokuwa Kilambo na shule moja. Hakuna katibu aliyeshtuka.

Alhamisi

Kilambo, pale kivukoni Ruvuma. Imewashwa upya, hairudi. Nimempigia kijana anayekaa na rauta, simu yake ni ya laini mbili. Katikati ya maongezi akasema "sa hizi ni saa tatu asubuhi", mimi kwangu ni saa nne. Nikamuuliza simu inasoma saa ngapi, tatu. Hapo nikaelewa. Msumbiji wako nyuma yetu saa moja, simu yake inachukua saa kutoka mnara, maana yake ile laini yake ya kampuni ile ile inayotumiwa na rauta imeshika mnara wa ng'ambo ya mto. Mnara wa kwetu wa kampuni hiyo umezima pale. Na modemu ya Kilambo tumeifunga isitumie data za nchi nyingine, maana bando lingeisha kwa dakika, kwa hiyo inaona mnara wa Msumbiji na inakaa kimya kama ilivyoagizwa. Haihusiani na seva hata kidogo. Nimemwambia asiizime wala asiiguse.

Nimetumia siku hii kufanya jaribio ambalo naona lilitakiwa liwe sehemu ya kila mradi wa namna hii: nimewasha mashine nyingine ya muda, tupu kabisa, nikampa mwenzangu wa Lindi bahasha, yaani picha ya vile vilivyomo kwenye bahasha kupitia njia salama, nikamwambia irudishe seva bila kuniuliza kitu, ila usiguse DNS. Amefika mpaka ukurasa wa vituo kwa kufuata hii shajara. Amekwama sehemu moja, PostGIS, kwa sababu nilikuwa sijaiandika wazi hapo juu, nimeirekebisha. Mashine ya muda imefutwa.

Jumamosi

Kilambo imerudi usiku wa kuamkia leo yenyewe, mnara umewashwa. Handisheki ya kwanza saa tisa na robo usiku.

Yaliyobaki: template yenye watchdog na MTU 1370 inapelekwa kwa makundi, kuanzia vituo vya karibu, Mikindani na mjini, ili kitu kikienda vibaya ni bodaboda na sio gari. Programu ya OpenWISP iliyo kwenye rauta ikishindwa kuipata seva baada ya konfigi mpya inarudi ile ya zamani, lakini bado naenda kidogo kidogo. Karatasi ya kabatini imeongezwa nakala ya pili, inakaa Lindi. Cheti kitajihuisha chenyewe, nimeweka kumbukumbu kwenye kalenda niangalie. VPS ya zamani imefungwa na hatutaki ile nodi tupu waliyosema watatupa.

Kituo pekee chenye nyekundu ni ile shule ya Masasi. Mwalimu mkuu anasema rauta wameichomoa wenyewe wanapaka rangi chumba cha kompyuta, Jumatatu wataichomeka.